Injini Iliyodaiwa

Injini ilikuwa juu ya kitako chake cha chuma katikati ya gereji, imefunikwa shuka la maua ambalo mkewe Verna alikuwa ameliondoa kitandani miaka mingi nyuma. Lowell Dreisbach hakulifunua shuka hilo kwa kila aliyebisha hodi. Alimwacha mgeni aseme mpaka maneno yamwishie, kisha akaamua kama ni mtu wa kuonyeshwa au ni mtu wa kupewa kahawa na kusindikizwa. Tangu tangazo litoke katika gazeti la wapenda mbio, kahawa nyingi ilikuwa imenywewa, na shuka lilikuwa limefunuliwa mara chache sana.

Simu nazo zilimchosha. Mmoja alitaka kujua kama injini ile ingefaa katika gari lake la kubebea nguruwe. Mwingine alikuwa na mashua isiyo na sakafu, akapendekeza wabadilishane, na alipokataliwa akaongeza mbuzi wawili. Yuko aliyepiga jioni baada ya jioni, si kwa nia ya kununua, bali kusimulia injini aliyowahi kuwa nayo ujanani. Lowell aliwasikiliza wote, kwa kuwa alilelewa kuamini kwamba mtu aliyeweka tangazo amejitolea kuulizwa. Lakini kila alipoweka simu chini alikaa kwanza juu ya ndoo iliyogeuzwa, akasugua vidole vya mkono wa kulia, vitatu ambavyo tangu theluji iyeyuke vilikuwa havitofautishi tena bolti na kipande cha kuni.

Ilikuwa injini ya mwisho. Bloku yake, chuma kinachobeba vyote, aliichagua mwenyewe katika rundo la vyuma chakavu, akaiacha nje ipigwe na mvua na baridi hadi chuma kimalize kujipinda, ndipo akaanza kuichonga. Pistoni zote nane alizipima na kuzikwangua mpaka mizani ikashindwa kuzitenga. Njia za kupitishia hewa alizisugua kwa mkono, kidogo kidogo, usiku wa baridi baada ya usiku wa baridi, akipitisha kidole ndani kama kipofu anayesoma. Rafuni palikuwa na vipuri vilivyofuatana nayo: vichwa viwili vya silinda vya akiba, kamshafti mbili, springi za valvu, na kabureta ya kuchanganya petroli na hewa, aliyoitengenezea injini hiyo peke yake, isiyoweza kuitumikia nyingine bila kuharibiwa kwanza. Vyote alikusudia viondoke kwa pamoja, na vikishaondoka, angefunga mlango wa gereji na kumkabidhi mwenye shamba la jirani aweke mahindi.

Verna alikuwa amesema neno lake mapema. Baridi nyingine ya Iowa hangeikaa. Kule Arkansas, kando ya ziwa, palikuwa na nyumba ndogo ambayo mwenyewe alikubali kuwasubiri hadi mwisho wa Oktoba, na bei ya injini ndiyo ingekamilisha bei ya nyumba. Tangi la gesi ya kupasha moto gereji lilikuwa karibu tupu, na Verna alikataza lisijazwe. Hakusema kwa ukali. Alisema tu kwamba mtu anayehama hanunui moto wa mahali anapopaacha.

Mwisho wa Septemba alikuja Royce Haskell, mtu wa Missouri mwenye malori ya kusomba kokoto na gari la mbio linaloendeshwa na mkwe wake. Huyu aliuliza yanayoulizwa na watu wanaojua, akanyamaza panaponyamaziwa, na Lowell akalifunua shuka. Haskell aliizunguka injini mara mbili bila kuigusa. Bei hakuibishia. Alipoonyeshwa karatasi za kipimo, zenye nguvu za injini zimechorwa kwa mstari, alizirudisha bila kuzisoma.

"Karatasi kila mtu anazo, mzee wangu," alisema. "Mama mkwe wangu ana karatasi ya daktari inayosema yuko buheri wa afya, na kila Krismasi tunaagana naye. Mimi nataka niione ikila udongo. Ikila udongo mbele yangu, fedha unaondoka nazo siku hiyohiyo, na vipuri vyote napakia."

Lowell alijua mara moja ugumu uko wapi. Uwanja pekee wa udongo uliokuwa bado na mbio kabla ya baridi ulikuwa Plum Hollow, na Plum Hollow palikuwa na kanuni ya kudai. Kanuni hiyo aliijua kuliko mtu yeyote aliye hai. Gari litakalomaliza katika nafasi nne za kwanza, injini yake inaweza kudaiwa. Mshindani yeyote aliyemaliza mbio bila kuachwa mzunguko mzima anaruhusiwa kwenda kwa msimamizi na kuweka mezani dola mia sita, kutoa pia injini iliyomo garini mwake, kisha akachukua ya mwenzake palepale, ingali na moto. Iliwekwa ili mwenye fedha asilete injini ya thamani ya nyumba kuwaonea watoto wa wakulima. Anayekataa kutoa hunyang'anywa ushindi wake na kufungiwa mwaka. Kudai ni halali, lakini ni halali ya aina ya kumvua mtu koti hadharani. Hutokea mara moja katika misimu mingi, na watu hawasahau.

Lowell mwenyewe aliwahi kudai. Zamani, kiangazi kimoja, Emil Vavra aliwashinda wote kwa injini aliyoijenga ghalani kwake, kati ya ng'ombe na matrekta. Lowell, aliyekuwa na vyombo bora kuliko fundi yeyote wa wilaya, alishindwa kuelewa anapigwaje. Alishuku pana hila ndani yake. Akamaliza mbio akiwa hajaachwa mzunguko, akaenda mezani, akadai. Emil aliyafikiria maneno ya msimamizi kwa muda, akafunga boneti, akasema hatoi. Katika mkutano wa madereva wako waliotaka apewe onyo tu, kwa kuwa alikuwa mtu mpole na mwenye watoto. Lowell alisimama akasema kwamba kanuni inayopindishwa kwa mpole haitanyooka tena kwa mkorofi. Wakamfungia. Mwaka wake ulipokwisha Emil hakurudi, hata kutazama.

Katika hilo Lowell hakuwahi kujilaumu, na hakuwa na sababu. Ila kwa miaka yote iliyofuata, kila alipoulizwa habari za siku ile, kwa kinyozi au kwenye mizani ya nafaka, jibu lake lilikuwa moja: asiye na cha kuficha haogopi kufunguliwa boneti. Alilisema mara nyingi mno, hata likawa ndiyo historia ya Emil Vavra katika wilaya ile. Emil alikuwa amefariki majira ya baridi ya mwaka juzi. Mwanawe, Curtis, bado alishindana Plum Hollow, mara nyingi katikati ya msafara.

Basi Lowell alipanga kama mtu mwangalifu anavyopanga. Injini ingewekwa katika gari la Dwight, mtoto wa dada yake Verna, naye Dwight angemaliza wa tano.

"Wa tano," alimwambia, "si wa nne. Ukijikuta wa nne, tafuta jirani umpishe."

Dwight alicheka mpaka akaegemea tairi. "Baba Mdogo, tangu nijue kukaa kwenye usukani unanifokea niwe wa kwanza. Leo ndiyo umekumbuka kunifundisha adabu?"

"Leo umri umenifundisha mimi."

Walikubaliana ishara, maana kelele za uwanja ule hazina nafasi ya maneno. Lowell angesimama ndani ya mviringo, kwenye kona ya pili, mahali alipozoea. Akikutanisha mikono kifuani, Dwight ashike nafasi aliyonayo. Akiifungua mikono, afungulie injini. Hiyo ya pili waliitaja kwa mazoea tu. Hapakuwa na haja yake siku hiyo.

Ilikuwa Jumapili ya mwisho ya msimu, mbio zikifanyika mchana kwa sababu ya baridi ya jioni. Pande zote za uwanja mashine zilikuwa zinavuna mahindi, na vumbi la mashamba lilichanganyika na vumbi la njia hata mtu asijue anameza lipi. Haskell alinunua mikate miwili yenye nyama ya nguruwe iliyopondwa ikakaangwa, pana kuliko mkate wenyewe, akampa Lowell mmoja. Lowell aliushika bila kuula. Alipopita penye gari la Curtis Vavra aliona boneti imefungwa kamba, na Curtis amekaa juu yake akimtazama kwa heshima. Walisalimiana kwa kichwa. Lowell hakulifikiria zaidi. Alikuwa amechoka, na aliitamani siku iishe kuliko alivyotamani iende vizuri.

Mbio zilianza. Dwight alijiweka wa tano kama alivyoagizwa, akakaa hapo mzunguko baada ya mzunguko, injini ikinguruma kwa nusu ya sauti yake. Katika masikio ya watu wengine huo ulikuwa mngurumo. Katika masikio ya Lowell ulikuwa kikohozi cha mtu aliyezibwa mdomo. Alisimama mikono kifuani, na kila gari lilipopita mbele yake aliikaza zaidi.

Haskell alikuwa kando yake, anatafuna. Alimeza. "Ndiyo hiyo?"

Lowell alimweleza kwa utulivu kwamba dereva anajizuia kwa sababu ya kanuni, kama walivyozungumza. Haskell akasema anakumbuka walivyozungumza. Akasema pia kwamba nyumbani kwao kuna mtu anauza farasi ambaye naye hujizuia. Yalipita magari tena, Dwight wa tano, nyuma ya kijana mwenye gari la bluu linalovuja oili.

"Mimi sisemi kitu, mzee," Haskell alisema. "Nasema tu, kama injini ya bei ile inamfuata huyo, basi karatasi zako zina mbio kuliko chuma chako."

Kilichofuata Lowell hakukiamua. Baadaye alijaribu kwa uaminifu kutafuta mahali alipoamua, na hakupaona. Ilibaki mizunguko michache. Gari la Dwight lilikuja likitoka kona ya kwanza, uso wa dereva umegeuzwa kumtafuta, na mikono ya Lowell, iliyokuwa imekutana kifuani tangu mwanzo, ikafunguka. Ilifunguka kama ilivyozoea kufunguka miaka arobaini, mkate ukaanguka, na vipande vya nyama vikatawanyika udongoni.

Dwight alikuwa mtu wa kutii. Injini ilitoa sauti yake. Watu waliokuwa wamekaa walisimama, na hata wavunaji wawili ng'ambo ya ua walizima mashine zao wakageuka. Gari la bluu lilipitwa kama lililoegeshwa. La tatu na la pili yalipitwa katika kona moja, kwa nje, kwenye udongo mlaini ambako hakuna anayethubutu. La kwanza alilipita kwenye njia iliyonyooka. Mzunguko wa mwisho Dwight aliumaliza peke yake, na wa pili alikuwa bado hajatoka kona ya mwisho.

Haskell alivua kofia. Lowell alikuwa bado amefungua mikono. Aliishusha polepole, akaitazama.

Walipofika penye magari, Bi Oltmann, msimamizi wa uwanja, alikuwa tayari amekaa nyuma ya meza yake, na mbele yake amesimama Curtis Vavra. Kofia yake ya mbio ilikuwa kwapani. Alikuwa amemaliza wa tisa, bila kuachwa mzunguko. Aliweka bahasha mezani akasema kwa sauti ya kawaida kwamba anadai injini ya gari la kwanza. Bi Oltmann, aliyekuwa karani wa mkutano ule wa zamani, alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na uchafu.

Haskell ndiye aliyekuwa wa kwanza kupata ulimi. Alimvuta Lowell pembeni akamweleza jambo lililo wazi kabisa. Akatae. Ushindi unapotea, nani anautaka? Atakayefungiwa ni dereva. Yeye Haskell anaichukua injini jioni hiihii, bei ileile, pamoja na vipuri, na mahali inapokwenda hakuna kanuni ya upuuzi kama hiyo. Dwight akaja akaunga mkono. Hakuwa na kinyongo. Alisema mwaka mmoja nje ya mbio mke wake atauita zawadi, na kwamba baba mdogo asifikirie mara mbili.

"Kataa, Baba Mdogo. Ni neno moja. Mama Mdogo anaisubiri ile nyumba."

 Akilini Lowell alimwona Verna mbele ya dirisha la jikoni lisilo na theluji. Aliliona pia tangi la gesi, na baridi nyingine, na vidole vyake vitatu ndani ya njia za hewa visihisi kitu. Kila alichokitaka duniani wakati huo kilikuwa upande wa pili wa neno moja, na neno lenyewe lilikuwa jepesi, na aliyelitamka kabla yake alikuwa mtu mpole mwenye watoto.

"Kwa kanuni hii nilimfungia Emil Vavra," alisema. "Nileteeni spana."

Haskell alimtazama kama mtu anayetazama ghala likiungua. Kisha akafanya jambo ambalo Lowell alimheshimu kwalo daima: hakubembeleza. Alishika mkono wake, akasema, "Ukijenga nyingine, nipigie mimi kwanza," akaenda kwenye lori lake bila vipuri, maana vipuri bila injini ni uzito tu.

Desturi ya pale ni kwamba mdai haigusi injini mpaka mwenyewe ameitoa. Curtis alisimama mikono nyuma, na watu wamefanya duara. Dwight alitaka kufanya kazi yote, lakini Lowell alisema atafungua bolti zake mwenyewe. Vidole vilimwangusha. Bolti zilidondoka, naye aliinama kuziokota moja moja, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Kwa kanuni mdai hupata bloku na vilivyofungwa ndani yake pamoja na vichwa. Kabureta na mfumo wa moto hubaki kwa mwenyewe. Lowell aliiondoa kabureta akaifunga katika koti lake. Winchi ilipoinyanyua injini, joto lake lilimpiga usoni, naye akageuka pembeni.

Ndipo Curtis akafungua kamba ya boneti yake.

Mifuniko ya valvu ilikuwa myekundu, wekundu ule unaopakwa maghala, rangi iliyobaki koponi mtu anapomaliza kupaka mbao. Lowell aliijua kabla akili haijamwambia anaijua. Ni yeye peke yake, pengine na Bi Oltmann, aliyekuwa na sababu ya kuikumbuka. Curtis alikuwa na injini nyingine ya kila wiki. Hii aliiweka kwa siku hiyo moja, baada ya kusikia kwamba Dreisbach anatoa ya mwisho, na kwa hii amemaliza bila kuachwa mzunguko.

"Ya baba," Curtis alisema, kwa sauti ya wao wawili tu. "Uliidai. Hukuwahi kuja kuichukua."

Akaitoa, akaiweka katika lori la Lowell, akaifunga kamba vizuri.

Verna alikuwa anamenya matofaa Lowell alipoingia. Dwight alikuwa ameshapiga simu, lakini Lowell alimweleza yote hata hivyo, tangu mkate mpaka kamba, bila kuruka habari ya mikono yake. Alimwambia kwamba nyumba ya ziwani imekwenda, na kwamba aliyeipeleka ni yeye, si Curtis Vavra wala kanuni. Verna aliendelea kumenya. Ganda lilishuka refu mpaka likagusa meza.

"Ungekuwa umekataa kutoa," alisema, "ningekuwa na la kukusema mpaka tufe. Sasa hata hilo sina." Akasukuma bakuli upande wake. "Kata hivi. Siyo vinene."

Walikata matofaa mpaka yakaisha, na habari ya ziwa haikutajwa tena usiku huo.

Siku iliyofuata Lowell aliifungua injini ya Emil Vavra. Kwa muda mrefu, nyakati ambazo mtu hafikirii kitu, alikuwa akifikiri atakachokikuta ndani yake: kombo shafti iliyokatwa isivyo halali, au pistoni za kampuni iliyokatazwa, au chumba cha moto kilichochongwa kwa ujanja. Aliifungua kwa utaratibu, kila kipande juu ya kitambaa safi. Vipuri vilikuwa vya dukani, vya bei ya chini, ambavyo mtoto yeyote wa mkulima angeweza kununua. Kombo shafti ilikuwa ya kiwandani, na pistoni zilikuwa za kawaida kabisa. Alichukua vipimo vyake akapima kila silinda juu, katikati na chini, akarudia, akaenda dirishani kwenye mwanga akarudia tena. Hapakuwa na hila popote. Palikuwa na mtu aliyeweka kila kitu mahali pake kwa uvumilivu usio wa kawaida, kwa vyombo vibovu, ghalani. Tena hapakuwa na kutu. Miaka yote ile mtu alikuwa ameizungusha na kuipaka oili.

Lowell alikaa juu ya ndoo. Kanuni aliyoisimamia ilikuwa sahihi siku ile, na jana ilikuwa sahihi vilevile, hata alipokuwa anailipa yeye. Katika hilo hakusogea hata unywele. Lakini yale aliyoyasema kwa kinyozi na kwenye mizani hayakuwa kanuni. Hayo yalikuwa yake.

Jumatano Curtis alikuja, kama Lowell alivyojua atakuja. Injini ile haikukubali kabureta yoyote aliyokuwa nayo. Alisimama mlangoni bila kuvuka kizingiti, akasema anajua kabureta haikuwa sehemu ya dai, na kama Bwana Dreisbach anataka kuitia nyundo ni haki yake. Lowell akamwambia aingie, mlango unapitisha baridi. Kabureta ilikuwa mezani, imesafishwa. Bei aliyotaja ilikuwa bei yake halisi, si zaidi hata senti, ingawa angeweza kutaja mara kumi yake na Curtis angelazimika. Vichwa vya akiba na kamshafti pia akamtajia, kila kimoja kwa thamani yake. Hivyo ndivyo vipuri vilivyouzwa hatimaye, na hiyo ndiyo biashara pekee iliyotokana na lile tangazo.

Alimweleza pia jinsi ya kuipasha injini ile moto kabla ya kuiamsha, ni oili gani, na kwamba isingurume ikiwa baridi hata kama marafiki wanaomba kuisikia.

Curtis alishasimama kuondoka alipoiona ya baba yake juu ya vitambaa, imetandazwa kipande kwa kipande. Akasimama hapo.

"Kwa nini alikataa?" Lowell aliuliza. "Nakuuliza kwa kuwa nimeiona. Angeitoa angenitia aibu mbele ya watu wote. Kwa nini alifunga boneti?"

Curtis alifikiri kama anapima kama mzee huyu anastahili kuambiwa.

"Alisema utaifungua na hutakuta kitu. Halafu utawaambia watu umekuta."

Gereji ilikuwa na baridi kiasi cha mtu kuona pumzi yake. Lowell aliiona ya kwake ikitoka. Alikuwa ameitwa mengi katika maisha yake, mkaidi, mbahili wa sifa, lakini hakuna aliyewahi kumwita mwongo, na aliyemwita alikuwa amefanya hivyo kwa siri, nyumbani kwake, mbele ya mtoto, na hakuwa amekosea sana.

"Nimeifungua," alisema. "Sikukuta kitu. Ni kazi safi kuliko yangu ya miaka ile."

"Utawaambia hivyo?"

"Katika mkutano wa madereva, msimu ukifunguliwa. Nitasimama palepale niliposimama."

Curtis hakutoa shukrani, wala Lowell hakuzitegemea. Alipakia vipuri, akarudi kuchukua kabureta mwisho kabisa, akiibeba kwa mikono miwili kama sahani iliyojaa mchuzi. Mlangoni akauliza kama Lowell anataka kuiunga tena injini ya baba au kuiuza chakavu, maana sasa ni mali yake kwa haki.

"Nitaiunga tena," Lowell alisema. "Nitahitaji kuitazama ninapojenga nyingine. Kuna mtu Missouri anasubiri."

Lori liliposhuka njia ya changarawe, Lowell alibaki akijaribu kuvaa glavu juu ya vidole ambavyo havikumjulisha vimeingia wapi. Dirisha la jikoni lilikuwa wazi kidogo, na alimsikia Verna kwenye simu. Alikuwa anaagiza gesi. Aliulizwa kitu, akamjibu mtu wa upande wa pili kwa sauti ya mwanamke anayetaja idadi ya mayai.

"Hapana, si nusu," alisema. "Jaza lote. Ni ya gereji."